Shajara ya feni: kompyuta ya dukani inayojizima kila Ijumaa

Jumamosi, 4 Novemba 2023

Jana kompyuta ya dukani kwa mama mdogo imejizima tena. Ijumaa ya tatu hii mfululizo, na safari hii nimeamua kuandika kila kitu, maana kichwa changu hakiaminiki: wiki iliyopita nilibisha kwamba ilikuwa Alhamisi.

Duka ni steshenari ya kawaida hapa Tanga. Fotokopi, picha za pasipoti, kadi za harusi, lamineshi. Pembeni binamu yangu anapiga video za harusi, na video hizo ndizo mzigo wa kompyuta yenyewe. Imekaa chini ya meza, haina skrini, kazi yake ni kutunza mafaili na mara moja kwa wiki kuzibana video zipungue ukubwa. Nilipanga kazi hiyo ianze Ijumaa saa saba mchana, kwa sababu siku hiyo duka hufungwa saa sita kamili na kufunguliwa saa kumi. Hakuna mtu wa kusumbuliwa.

Ni mashine ya mtumba: prosesa ya Intel Core i5-2400 ya mwaka 2011, RAM ya GB 8, na juu yake mfumo wa Linux uitwao Debian 12. Mimi ndiye niliyeinunua, mimi ndiye niliyeifunga, kwa hiyo mimi ndiye ninayelaumiwa.

Kila ninayemweleza ananijibu neno moja: umeme. Mwaka huu wa mgawo hata maziwa yakiganda tunasema umeme. Lakini ninayo sababu ya kukataa. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, niliweka kwamba umeme ukikatika kisha ukarudi, mashine ijiwashe yenyewe. Siku za mgawo inafanya hivyo bila shida. Ijumaa haijiwashi. Mama mdogo akirudi saa kumi anaikuta imelala, taa ya UPS, betri ya akiba, inawaka kijani, na inabidi abonyeze kitufe kwa kidole. Kitu kimeizima kwa makusudi.

Leo nimeingiza programu ya lm-sensors, inayosoma vihisi vya joto na feni. Hizo herufi LM za mwanzo zinatokana na chip za zamani za National Semiconductor, LM78 na LM75, zilizokuwa zikipima joto kwenye mazabodi, yaani bodi kuu za kompyuta, za miaka ya tisini. Jina limebaki, chip zimepita.

Jumapili, 5 Novemba

Nimekaa chini ya meza kuanzia asubuhi. Amri ya sensors-detect, inayotafuta vihisi, inauliza maswali mengi, na jibu lake la kubonyeza Enter tu ndilo salama. Ukijibu ndiyo kila mahali kwa ubabe unaweza kugusa vitu visivyopenda kuguswa.

Imepata vitu viwili. Cha kwanza ni vihisi vilivyo ndani ya prosesa yenyewe, kimoja kwa kila kiini, vinavyosomwa na kiendeshi (programu ndogo ya kuongea na kifaa) cha coretemp. Hivi havipimi joto kama kipimajoto cha zahanati. Vinahesabu zimebaki nyuzi ngapi kufika kwenye kikomo, kisha kiendeshi kinatoa hesabu. Kwangu kikomo kimeandikwa 98, na onyo 80. Ndiyo maana vikiwa mbali na kikomo havina uhakika sana, lakini ukikaribia moto vinasema kweli. Kwa shida yangu hiyo inatosha.

Cha pili ni Nuvoton NCT6776F, chip ya aina inayoitwa Super I/O. Ni kile kidude cheusi pembeni ya mazabodi ambacho asili yake ni kuhudumia vitu vya kizee: kibodi yenye plagi ya duara, printa yenye waya mnene. Watengenezaji wakaona humo humo watie na kazi ya kupima joto, volti na kasi za feni. Kiendeshi chake kinaitwa nct6775 na tayari kimo kwenye keneli, moyo wa Linux.

Shida inaanzia hapo. Chip inaonyesha joto manne na feni tano, na haijui kipi kimeunganishwa na nini. Mwenye mazabodi ndiye aliyechora nyaya, na hakuniachia barua. Moja ya joto hizo inasoma 127, asubuhi na jioni, mashine ikiwa imewaka moto au imepoa. Hiyo si joto, ni pini iliyoachwa hewani. Mtu akiiona bila kujua atakimbilia ndoo ya maji.

Basi nimeenda saluni ya jirani kuazima drayer. Mwenye saluni ameniuliza kama kompyuta inakwenda harusini. Nikaipuliza mazabodi upande mmoja baada ya mwingine huku nikitazama namba kwenye simu. Nilipofika katikati, karibu na bati dogo la chip ya pili kwa ukubwa, namba iitwayo SYSTIN ikapanda nyuzi sita. Hiyo ndiyo joto la mazabodi. Ile iitwayo CPUTIN inafuata prosesa kwa uvivu, nyuzi nane tisa chini yake, nimeamua kuiacha. Kwa prosesa nitaamini coretemp.

Feni ni rahisi zaidi. Unachukua mrija wa soda, unaugusisha taratibu katikati ya feni, si kwenye panga zake, mpaka ipungue mwendo, na unatazama ni namba ipi imeanguka. Feni ya prosesa ni fan2. Feni ya nyuma ya kasha haionekani popote: nimeisimamisha kabisa na hakuna namba iliyotikisika.

Sababu nimeiona nilipolaza kasha. Feni ile ina nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, imechomekwa moja kwa moja kwenye pawasaplai. Feni ya nyaya mbili ni bubu. Kinachoongea ni waya wa tatu: unatoa mapigo mawili kila feni inapozunguka mara moja. Feni ya mizunguko 1,200 kwa dakika inapeleka mapigo 40 kwa sekunde, na chip inachofanya ni kuhesabu na kugawa. Waya wa nne, kama upo, ni wa kupokea amri: mazabodi inawasha na kuzima ishara mara 25,000 kwa sekunde, na kadiri muda wa kuwaka unavyozidi muda wa kuzima ndivyo feni inavyokazana.

Drayer nimeirudisha.

Jumanne, 7 Novemba

Skripti ya kuandika namba hizi imekamilika. Haina ufundi wowote. Linux inaweka kila kihisi kama faili dogo chini ya /sys/class/hwmon, ukilifungua unakuta namba moja. Joto limeandikwa kwa elfu, yaani 61000 maana yake nyuzi 61. Kasi ya feni imeandikwa ilivyo. Skripti inasoma mafaili matatu kila sekunde kumi na kuandika mstari mmoja: saa, joto la mazabodi, joto la prosesa, kasi ya feni ya prosesa.

Kompyuta inahesabu saa za kizungu, kwa hiyo kwenye mistari 13:00 ni saa saba mchana. Nikichanganya mahali nisamehewe.

Ijumaa, 10 Novemba

Imejizima. Mimi nilikuwa kazini bandarini, nikapata ujumbe saa kumi na robo: "Mwanangu, mgonjwa wako kazimia tena."

Nimefika baada ya magharibi na hamu ya kusoma faili. Mstari wa mwisho ni wa 13:03. Video ya kwanza iliyobanwa ilikuwa imefika mbali kuliko dakika tatu. Yaani skripti iliendelea kuandika, lakini mistari ya mwisho haikufika kwenye diski. Linux haikimbilii diski kila unapoandika, inaweka kwenye RAM kwanza na kumwaga baadaye, na umeme unapokatwa ghafla, kilichoko kwenye RAM ndiyo hivyo tena. Mistari niliyoihitaji ndiyo hiyo hiyo iliyopotea.

Nimeongeza amri ya sync, ya kumwaga kwenye diski papo hapo, kila baada ya mstari.

Jumapili, 12 Novemba

Siku mbili za takwimu nimezitupa. Nilikuwa nasoma kihisi kwa anwani, hwmon2, na tangu mashine ilipowashwa upya anwani zimebadilishana. Kilichokuwa hwmon2 sasa ni hwmon1. Joto la prosesa limekaa kwenye safu ya mazabodi na safu ya feni imejaa makosa. Namba hizo hazina ahadi ya kubaki mahali pamoja, inategemea kiendeshi kipi kimeamka kwanza. Dawa ni kusoma faili la name lililo ndani ya kila folda na kutafuta kwa jina. Sasa skripti inafanya hivyo.

Nimepata na kingine bila kukitafuta. Chip hupima pia volti ya betri ile ya duara kwenye mazabodi, na inasoma 2.4 wakati mpya ni 3. Ndiyo maana baada ya mgawo mrefu, UPS ikiishiwa, mashine inaamka ikidhani ni mwaka 2011 na inakaa hivyo mpaka mama mdogo aweke bando na saa ijirekebishe kupitia intaneti. Nimenunua CR2032 kwa fundi saa. Bila betri hiyo shajara hii ingekuwa na Ijumaa za uongo.

Ijumaa, 17 Novemba

Mgawo toka asubuhi hadi jioni. Hakuna cha kuandika.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimeikamata.

12:04:10   43   60   1392
13:00:20   51   71   1810
13:02:00   52   84   2390
13:06:50   54   89   2655

Baada ya hapo hakuna kitu mpaka saa kumi na dakika tano. Nimeingia BIOS, kwenye ukurasa wa afya ya mashine, na kuna kipengele ambacho sikuwahi kukitazama: zima mashine joto la prosesa likifika 90. Ndicho kinachoizima, bila kuiuliza Linux, ndiyo maana kwenye kumbukumbu za mfumo hapakuwa na neno hata moja la kuaga.

Lakini angalia safu ya mwisho. Feni inazunguka mara 2,655 kwa dakika, ndio mwisho wa nguvu zake. Wiki tatu nimekuwa nikidhani feni inasinzia, nikawa tayari nimeulizia bei ya nyingine. Feni haina kosa. Inapiga mbio zote na prosesa inaungua. Kihisi cha feni kinahesabu mizunguko tu, hakijui kama kuna upepo unaotoka.

Ningeweza kukipandisha kile kikomo hadi 100 na kuondoka. Prosesa yenyewe ikifika 98 ingejipunguza mwendo kujiokoa. Sikukigusa.

Jumapili, 26 Novemba

Nimeifungua yote mezani, juu ya gazeti.

Hitisinki ya prosesa, ile inayonyonya joto lake, ni bati la mapezi ya alumini yaliyopangwa kama jua la kuchora watoto, na feni imekaa juu yake ikipuliza kwenda chini. Nilipoitoa feni nikakuta mapezi hayaonekani. Kati ya feni na mapezi kuna zulia. Sisemi kwa kutia chumvi, nimelibandua kwa kucha likatoka kipande kizima cha duara, na tundu katikati. Ni vumbi la karatasi kutoka kwenye mashine ya fotokopi, limeshikamana na wino wa unga na unyevu wa bahari. Mama mdogo amelishika akalitazama kwenye mwanga: "Hili ningelishonea mto."

Grisi ya prosesa imekauka, imekuwa chaki. Skrubu mbili za kasha zina kutu, hiyo ni kawaida ya pwani, upepo wa chumvi haumwachi mtu.

Nimesafisha kwa brashi ya rangi ambayo haijawahi kuonja rangi, nikafuta grisi ya zamani kwa spiriti, nikaweka mpya ukubwa wa punje ya choroko. Niliishika feni isizunguke nilipokuwa nikipuliza, kwa sababu feni ikizungushwa kwa nguvu nayo inageuka dainamo na kurudisha umeme kwenye mazabodi. Feni bubu ya nyuma nimeiondoa na kuweka ya nyaya tatu, sasa nayo inaongea: fan3, mizunguko 1,140.

Nikaipa mashine mzigo kwa programu ya stress dakika ishirini, chumba kikiwa nyuzi 31. Prosesa imetua kwenye 70. Ikipumzika ni 46, wakati mwanzo wa mwezi ilikuwa 60. Feni ya prosesa sasa inatembea 1,100 na haisikiki.

Nimeandika pia faili dogo kwenye /etc/sensors.d. Humo unaweza kuipa kila namba jina la Kiswahili na kuificha ile ya 127. Sasa amri ya sensors inaniambia "Feni ya nyuma" na "Mazabodi".

Ijumaa, 1 Desemba

Haijajizima! Video nne zimebanwa, zote ziko salama. Joto la juu kabisa: 81.

Nimelala na furaha, nimeamka na swali. Jumapili mzigo mzito kuliko huu uliifikisha 70. Nyuzi kumi na moja zimetoka wapi?

Jumapili, 3 Desemba

Nimejaribu fancontrol, programu inayoongoza feni kwa kufuata joto. Skripti yake ya pwmconfig inasimamisha feni moja moja ili ijue ipi inasikiliza amri ipi. Nguvu ya feni inaandikwa kwa namba kutoka 0 hadi 255, na unachagua joto la kuanzia na joto la kufika mwisho. Imegundua kwamba feni mpya ya nyuma haisikii amri, maana tundu lake linaamrisha kwa waya wa nne na feni ina nyaya tatu. Inaongea lakini haisikii.

Nimeiondoa. Anayehitaji fancontrol ni mtu anayesumbuliwa na kelele, na duka hili lina mashine ya fotokopi na cherehani ya jirani. Isitoshe programu ikiuawa vibaya, feni inabaki kwenye kasi ya mwisho iliyoamriwa. Kwa nchi yenye Kaskazi inayokuja sitaki kuiachia skripti kazi ambayo mazabodi inaifanya bila kuambiwa. Wenye baridi wahangaike na ukimya.

Jumamosi, 9 Desemba

Sasa nina karibu mwezi wa mistari, nikaimwaga kwenye lahajedwali na kuchora grafu. Kila siku ina ngazi.

Prosesa imetulia kwenye 46, halafu muda mfupi baada ya saa sita mchana inaanza kupanda, ndani ya robo saa inafika 57, inakaa hapo kama meza, kisha saa nane hivi inaporomoka na kurudi 46. Mazabodi nayo inapanda pamoja. Mzigo ni sifuri, nimehakikisha. Kabla ya usafi ngazi ilikuwepo vile vile, ila ilikuwa inaanzia 60 na kufika 71. Mstari wa 13:00:20 wa tarehe 24 ulikuwa unanionyesha, mimi nikawa natazama wa chini yake.

Ijumaa ngazi inaanza saa sita hivi na inakwisha saa kumi. Jumapili duka limefungwa na ngazi haipo.

Nadharia ya kwanza: jua linaingia dirishani. Lakini Novemba hii mvua zimenyesha kama zilizotumwa, na siku zenye wingu zito ngazi ni ile ile. Tena jua halijui Jumapili.

Nadharia ya pili: volti inabadilika mchana. Nimeangalia, haijatikisika.

Kuna jambo la tatu linaloniudhi. Ngazi haianzi muda ule ule. Tarehe 13 Novemba ilianza 12:14. Tarehe 28, saa 12:18. Leo 12:23. Inachelewa taratibu, kama theluthi ya dakika kwa siku. Saa ya mashine nimelinganisha na simu, haina tatizo. Kitu gani dukani kinachelewa sekunde ishirini kila siku?

Jumapili, 17 Desemba

Nimepita dukani kuchukua waya. Ukutani, juu ya mashine ya fotokopi, kuna kalenda ya msikiti yenye nyakati za swala. Nilikuwa natafuta penseli na jicho likatua kwenye safu ya Adhuhuri. 13 Novemba: 12:10. 16 Desemba: 12:21.

Nikatoa simu, nikafungua faili la jana. Ngazi imeanza 12:26.

Nimekaa kwenye kiti cha wateja. Adhuhuri inafuata jua linapopinduka, si saa ya ukutani, na kati ya Novemba na Januari jua linazidi kuchelewa kuliko saa. Kihisi cha mazabodi cha mashine ya mtumba kimekuwa kikifuata azana mwezi mzima, dakika nne tano nyuma yake.

Jumatatu, 18 Desemba

Nimeomba ruhusa kazini nikaja dukani saa sita. Sikusema kitu, nikakaa.

Azana imeadhiniwa. Mama mdogo ameteremsha mlango nusu, amechukua ufagio, na kabla hajafagia amefungua mtoto wa meza, akatoa kanga ya zamani iliyokunjwa mara mbili, akainama chini ya meza na kuifunika kompyuta. Mbele, nyuma na ubavuni. Akaipigapiga kama mtu anayemfunika mtoto.

"Mama mdogo, hiyo ya nini?"

"Vumbi, mwanangu. Si wewe uliyesema vumbi linaiua? Nafunika, nafagia, naswali, nakula, nalala kidogo. Saa nane naifunua."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nafagia kabla ya kufunga, nikirudi ndiyo naifunua."

"Na usiku hufuniki?"

"Usiku duka limefungwa, vumbi atalitia nani?"

Kanga hiyo nimeiona mara kumi ndani ya mtoto wa meza. Nilidhani ni ya kuswalia.

Basi ndiyo hivyo. Kila Ijumaa kompyuta ilifunikwa kanga saa sita, na saa saba nikaitwika mzigo mzito kuliko yote ya wiki. Muda huo niliuchagua mimi kwa kujigamba kwamba hautamsumbua mtu. Zulia la vumbi likamalizia. Ukiondoa kimoja chochote kati ya vitatu hivyo, isingefika 90.

Nimemwonyesha grafu kwenye simu. Ameitazama kwa muda. "Kwa hiyo hii mashine inajua ninaposwali?" Nikamwambia inajua hata alipochelewa. Tarehe 5 Desemba ngazi ilianza dakika ishirini nyuma ya azana. "Alikuja mteja wa kadi," akasema, na hakupendezwa.

Jumamosi, 30 Desemba

Kanga imeondolewa tangu tarehe 18, na ngazi imekufa siku hiyo hiyo. Kazi ya kubana video nimeihamishia saa tano usiku. Ijumaa mbili zilizopita joto la juu limekuwa 68 na 69.

Lakini mama mdogo hajaridhika na namba zina upande wake. Joto la kupumzika lilikuwa 46 baada ya usafi. Jana lilikuwa 47, na usiku huu chumba ni kile kile, nyuzi 31. Nimefungua kasha: mapezi yameanza kuota ukungu wa kijivu, wiki mbili tu tangu kanga iondoke. "Nilikuambia," amesema, na mimi sina jibu. Anafagia kila siku sakafu ambayo fotokopi inamwagia unga kila siku, na feni inavuta chochote kinachoruka.

Wazo ni lake. Amekata kipande cha chandarua kilichotoboka, akakishonea lastiki pembeni, na kukivisha mbele ya kasha kama kofia. Kwangu ilibaki kupima:

Bila chandarua, mzigo dakika ishirini: 70.
Chandarua cha tabaka moja: 72.
Tabaka mbili: 77.

Tumechukua tabaka moja. Kwa nyuzi mbili nimekubali. Sehemu ya nyuma imebaki wazi, hewa itoke.

Jumamosi, 13 Januari 2024

Wiki mbili za chandarua. Joto la kupumzika bado 47, halijapanda hata nusu, na kaskazi imeshaingia, chumba saa nane mchana ni 33. Chandarua kikifuliwa leo kimetoa maji meusi kama ya kuoshea sufuria. Atakuwa anakifua kila Jumamosi pamoja na kanga, ambayo imerudi kwenye kazi za kanga.

Skripti nimeiacha iendelee, ila sasa inaandika kila dakika badala ya sekunde kumi, na joto likipita 80 inamtumia binamu ujumbe, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa karibu. Jana saa saba usiku imemtumia mmoja. Ameamka, amekwenda dukani na tochi, na kumkuta paka amelala nyuma ya kasha, penye hewa ya moto.

Nitaweka wavu wa kuku kwa nyuma. Matundu makubwa, nadhani hayatagusa joto, lakini nitapima.